Tusiizike bustani chini ya saruji

Mkenya wa kawaida akiulizwa wanyamapori wanapatikana wapi, hatasita kujibu kwamba wako Tsavo, Amboseli au Maasai Mara. Jibu hilo si la uongo, lakini lina upungufu mkubwa. Limetuzoeza kuamini kwamba viumbe wa mwitu ni mali ya mbuga, kwamba mbuga ni mahali pa watalii, na kwamba mwananchi asiye na gari wala pesa za kiingilio hana fungu lake katika urithi huo ila kuutazama kwenye runinga. Mbuga ya taifa ya kwanza nchini, ile ya Nairobi, ilitengwa mwaka wa 1946. Tsavo ikafuata mwaka wa 1948. Tangu wakati huo hata fikira zetu zimezungushiwa ua: wanyama ndani, watu nje.

Leo ningependa kumwalika msomaji katika mbuga nyingine ambayo haina lango wala askari wa kukata tiketi. Nayo ni bustani ya nyumbani, ule uwanja mdogo ulio nyuma ya jiko, penye mpapai, matuta ya mchicha na kamba ya kuanikia nguo. Bustani hiyo inatoweka mbele ya macho yetu, mtaa baada ya mtaa, na anayeiangamiza hakutoka ng'ambo. Ni sisi wenyewe, kwa saruji, kwa sumu, na kwa hofu tulizorithi bila kuzichunguza.

Mimi ni mkazi wa Kisauni, mjini Mombasa. Uwanja wangu hauzidi hatua ishirini kwa kumi na tano. Una mwembe mmoja, mipapai miwili, mlimau, mkomamanga, mshubiri kadhaa kando ya ukuta, na mwasumini uliotambaa hadi dirishani. Hakuna mtalii atakayepanda ndege kuja kuutazama. Hata hivyo, kwa miaka mingi sijapata siku moja ya kuuchoka, kwa kuwa kila siku huwa na wageni wake.

Alfajiri mwadhini akishamaliza, shore ndiye huanza kujibu kutoka kileleni mwa mpapai. Ni ndege wa rangi ya udongo, mwenye kichwa cheusi na manjano kidogo chini ya mkia. Hana urembo wa kujivunia, lakini ana maneno mengi, na papai likianza kuiva yeye hujua kabla ya mwenye mti. Nimejifunza kumwachia moja la juu kabisa. Hilo ndilo fungu lake, nami hubakiwa na mengine.

Jua likipanda kidogo huja chozi. Jina hilo linamfaa, kwani ni mdogo kama tone. Dume lake likipigwa na mwanga hung'aa kama shaba iliyosuguliwa, ilhali jike huvaa rangi za kujisitiri. Chozi hupenyeza mdomo wake mrefu uliopinda ndani ya ua la mshubiri, akafyonza utamu uliomo, kisha akaenda ua jingine na chavua kichwani. Kazi hiyo haimdai mtu ujira, lakini bila ya yeye na wenzake wengi wanaofanya kama yeye, maua mengi yangechanua na kufa bila ya kuacha mbegu. Kiota chake hukifuma kwa nyasi na nyuzi za buibui, kikaning'inia kama kifuko. Kwa hivyo hata buibui tunayemfagia kila Jumamosi ana mchango wake katika nyumba ya ndege huyo.

Katika mnazi wa jirani wamo mnana, wale ndege wa manjano wasiojua kunyamaza. Mnana dume huchana ukuti uzi baada ya uzi, akausuka hadi ukawa kitezo kilichoinamisha mdomo chini. Akimaliza hujining'iniza hapo na kupigapiga mbawa, akimwita jike aje akague. Jike huingia, akavuta hapa na pale kama fundi mkuu anayekagua ukuta. Asiporidhika huenda zake, naye dume hulazimika kuibomoa kazi yake na kuanza upya. Nimekwisha kutazama ukaguzi huo mara nyingi kuliko sinema zote nilizolipia, na bado sijachoka.

Miezi ya kaskazi nayo ina wageni wa mbali. Mbayuwayu hufika kutoka Ulaya yapata Septemba na Oktoba, bila pasipoti wala viza, wakakaa nasi hadi Machi au Aprili wanaporejea kwao. Jioni huwaona wakipasua hewa juu ya paa langu wakikamata wadudu. Mgeni huyo amevuka jangwa la Sahara kwa mbawa ambazo zingetosha katika kiganja cha mkono. Mtu akiyatafakari hayo huku anakunywa chai yake, shida za siku hiyo hupungua uzito.

Bustani haina ndege peke yao. Katika mlimau wangu huja kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, akaacha yai moja hapa na jingine pale. Kiwavi akiangua huonekana kama kinyesi cha ndege juu ya jani, na hiyo ndiyo kinga yake, maana hakuna mwenye haja nacho. Akikua hugeuka kijani, akafanana na majani yenyewe. Mtunza bustani mwenye pupa huona majani yaliyotafunwa, akakimbilia dawa ya kupulizia. Mimi humwachia kiwavi majani yake machache, kwa kuwa mlimau huchipua tena na kipepeo aliyekufa hachipui.

Asiyeamini kwamba kipepeo ana thamani na aende Gede, katika kaunti ya Kilifi. Hapo, tangu mwaka wa 1993, wanakijiji wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza mabuu yake ng'ambo kupitia mradi uitwao Kipepeo. Mdudu ambaye sisi wa mjini tunampulizia sumu huko amesomesha watoto. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba asiyekujua hakuthamini.

Magharibi ikiingia, zamu hubadilika. Asumini hufunguka na kuujaza uwanja harufu ambayo haipatikani katika chupa yoyote ya dukani. Mjusi kafiri hutoka nyuma ya taa akaanza kuwinda mbu na nondo. Popo wadogo hupita wakifanya kazi hiyo hiyo hewani, na popo wakubwa wala matunda huja kuzuru mwembe. Watu wengi huwachukia hao wa mwisho kwa sababu ya embe chache, wakasahau kwamba ni popo wanaobeba mbegu mbali na mti wake, na kwamba ua la mbuyu, ambalo hufunguka usiku, humtegemea popo ili lizae. Usiku ukikomaa husikika komba akilia kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake. Wagema wanamjua tangu zamani kwa kupenda kwake tembo. Huku kwangu tembo hapati, lakini huja kula tunda na panzi, akaniangalia kwa macho yake makubwa kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Hizo ndizo starehe ninazozungumzia. Hazigharimu chochote, nazo hazihitaji kungoja likizo. Mzee aliyestaafu huzipata, na hata mama anayechambua mchele hawezi kuzikosa akiinua macho. Kwa nini basi tunazifukuza?

Sababu ya kwanza ni hofu. Bundi akitua juu ya paa, nyumba nzima hukosa usingizi ikidhani kwamba ametumwa kuita mauti. Vijana huokota mawe, wazee wakaguna. Ukweli ni kwamba bundi ametumwa na tumbo lake. Amesikia panya. Bundi humeza panya mzimamzima, kisha akatapika kitufe cha nywele na mifupa. Anayetaka kujua kazi yake na aokote vitufe hivyo chini ya mti, avipasue kwa kijiti, ahesabu mafuvu ya panya yaliyomo. Ndege huyo huilinda ghala ya mkulima bila mshahara, nasi tunamlipa kwa mawe. Mbaya zaidi, tunatega sumu ya panya ovyo. Panya aliyekula sumu hulewa akatembea polepole, bundi akamkamata, na sumu ile ile ikamwua mlinzi wetu. Mwaka ufuatao panya huongezeka, tukanunua sumu zaidi.

Kinyonga naye amebeba dhambi asizozijua. Ameitwa mchawi, ameitwa mkosi, amechomwa moto na watoto huku watu wazima wakitazama. Kinyonga hana sumu hata chembe. Ana macho mawili yanayoweza kutazama kila moja upande wake, na ulimi unaoweza kufyatuka kupita urefu wa mwili wake, naye huutumia kuwala nzi na panzi. Vunjajungu vivyo hivyo. Tunaambiwa kwamba mtu akimgusa atavunja chombo, ilhali mdudu huyo yuko shambani akiwinda wadudu waharibifu. Kila jamii ina itikadi zake, nami siwadharau wazee waliotulea kwazo. Nasema tu kwamba itikadi inayomwua asiyetudhuru inafaa kuchunguzwa upya.

Sababu ya pili, ambayo ndiyo inayonitia hofu mimi, ni saruji. Siku hizi mtu akimaliza kujenga hahesabiwi kuwa amemaliza mpaka aufunike uwanja wote kwa zege au kwa matofali ya kupanga. Udongo umekuwa aibu. Rafiki yangu mmoja wa mtaani, mtu mwema na mcheshi, alinijia akaniambia, "Bwana, mpaka lini utafagia majani? Mwaga zege upumzike." Nikamjibu, "Sahibu, nikimwaga zege nitapumzika na nini?" Alicheka akaenda zake, na mwezi uliofuata akaufunika uwanja wake mwenyewe kutoka ukuta hadi ukuta. Aliung'oa mpera wa miaka thelathini ili matofali yalale sawasawa.

Matokeo hayakukawia. Mchana uwanja ule hutoa joto kama kikaango, na usiku joto hilo hilo huingia vyumbani, hata sasa feni hailali. Shore waliokuwa wakilala katika mpera wamehama. Masika yalipofika, maji yaliyokuwa yakinywewa na ardhi yalikosa pa kwenda, yakatoka langoni, yakateremka njiani na kuingia katika vyumba vya wapangaji wanaokaa upande wa chini. Sidai kwamba viwanja vya saruji ndivyo vilivyoleta mafuriko ya mwaka wa 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa mno. Lakini kila uwanja unaozibwa ni kinywa kimoja cha ardhi kilichofungwa, na maji ambayo hayakunywewa kwangu lazima yapite kwako.

Kuna hasara nyingine isiyopimwa kwa ndoo. Mtoto wa miaka saba, anayeishi katika nyumba ya ghorofa hapa mtaani, alikuja kwangu siku moja kuokota embe. Akamwona chozi katika mkomamanga, akasimama kimya kitambo, kisha akaniuliza, "Babu, ndege huyu ni wa nani?"

"Ni wa Mungu, mjukuu wangu," nikamjibu.

"Basi hakuna anayemlipia?"

Mtoto huyo anamjua simba na anamjua tembo, kwa kuwa amewaona vitabuni na kwenye runinga. Lakini kila kitu alichokishika kwa mkono wake, hata maji ya kunywa, amekiona kikinunuliwa. Hakuwahi kujua kwamba kuna kitu kizuri kinachokuja chenyewe, kikakaa kadiri kipendavyo, kikaondoka bila kudai. Tukiwalea watoto wetu hivyo, kisha tukawataka wakikua waitetee misitu na mbuga za nchi hii, tutakuwa tunawataka walipende jambo ambalo hatukuwahi kuwaonyesha.

Huenda msomaji akasema kwamba kilichokwisha kuharibika hakirudi. Hapo Bamburi, si mbali na kwangu, upo ushahidi wa kinyume. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba mawe ya matumbawe na kuacha jangwa jeupe lisilo na udongo. Mnamo 1971 mtaalamu wa kilimo kwa jina Rene Haller alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu, tatu tu ndizo zilizostahimili, na mmojawapo ni mvinje. Majani ya mvinje yalianguka lakini hayakuoza, mpaka walipoletwa jongoo. Jongoo, yule mdudu mwenye miguu mingi ambaye tunamponda kwa kiatu, aliyala majani yale na kuyageuza mbolea, na taratibu udongo ukafanyika juu ya mwamba. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park. Pana msitu, ndege na wanyama, na wanafunzi hupelekwa kupatazama. Ikiwa shimo la machimbo ya saruji liliweza kugeuzwa msitu, ni ajabu kwamba sisi tunachukua mfuko wa saruji na kuugeuza msitu wetu mdogo kuwa machimbo.

Sitaki nieleweke vibaya. Si kila mgeni wa bustani anastahili kukaribishwa. Kunguru wa Bara Hindi, yule mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, na kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameingia Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, akawafukuza wenyeji katika makao yao. Uharibifu wake umezidi kiasi cha kwamba mnamo Juni 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori nchini, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Siupingi mpango wa namna hiyo. Hata hivyo, kunguru hulishwa na taka zetu. Mtaa unaotupa mabaki ya vyakula ovyo utawazalisha upesi kuliko watakavyouawa. Wala siwasahau ndugu zetu wa Taita Taveta na Kwale, ambao mgeni wao shambani ni ndovu anayemaliza mahindi ya mwaka mzima kwa usiku mmoja. Huyo si starehe, na wanaodai fidia wana haki yao.

Wapo pia watakaouliza kuhusu nyoka. Swali hilo ni la haki. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata taka. Anayeziondoa taka, akakata nyasi karibu na mlango na kutorundika mawe na mbao ukutani, amekwisha kujikinga kwa sehemu kubwa. Akimwona nyoka na amwepuke na kumwita anayejua kazi hiyo, kwani wengi huumwa wakijaribu kumwua. Kuhusu maji, ambayo ni adimu katika mji wetu, maji yaliyooshea mchele na mboga yanatosha kwa mkomamanga na matuta mawili ya mchicha. Na mpangaji asiye na uwanja anaweza kupanda mrehani katika debe kuukuu barazani. Ukichanua, nyuki watauona, hata kama ni ghorofa ya tatu.

Ombi langu kwa hivyo ni dogo. Anayejenga, na aweke saruji pale gari linapokanyaga na pale maji ya jikoni yanapomwagika, lakini akiache kipande cha ardhi kikiwa wazi. Apande hapo mti mmoja wa matunda na mmoja wa maua. Aweke kigae cha maji chini ya kivuli na ayabadilishe kila baada ya siku mbili, ili mbu wasipate nafasi ya kuzaliana. Aache kutega sumu ovyo, na awakataze watoto kumpiga mawe bundi na kumchoma kinyonga. Nazo kaunti zetu, ambazo huidhinisha ramani za nyumba kila siku, zingefanya jambo la maana kama zingedai kila ramani ionyeshe sehemu ya uwanja itakayobaki udongo, kama zinavyodai ionyeshe choo na dirisha.

Haba na haba hujaza kibaba. Uwanja mmoja hautamwokoa chozi wala mnana, lakini viwanja mia vya mtaa mmoja, vikigusana ukuta kwa ukuta, ni msitu ambao ndege anaweza kuuvuka akitua na kupumzika. Kabla ya kumwita fundi wa matofali, msomaji na atoke nje asubuhi moja na kikombe chake cha chai, akae kimya kwa muda wa robo saa na kuwahesabu wageni waliomjia. Akishawahesabu, na aamue mwenyewe kama yuko tayari kuwafungia mlango.